Tangazo la Tatu

Mwaka 2006 nilikuwa karani wa usharika wetu wa Kilutheri, huku mlimani Kilimanjaro. Kila Jumapili nilisoma matangazo: wagonjwa, michango ya jengo, vikao, halafu ndoa. Ndoa hutangazwa Jumapili tatu, mwenye pingamizi ajitokeze.

Baraza la wazee lilikuwa limepitisha kwamba wachumba wapime ukimwi na kumletea mchungaji majibu kabla ya tangazo la tatu. Na mimi nilinyoosha mkono. Tulikuwa tumezika mno. Kwenye kihamba kimoja, shamba la ukoo, nyuma ya kanisa mlikuwa na makaburi manne mapya, na bibi aliyebaki na wajukuu. Dawa za kurefusha maisha serikali ilianza kuzitoa bure 2004 tu, wengi hatujaziamini. Sheria ya kukataza kumlazimisha mtu kupima ilikuja 2008, sisi tumeshafanya yetu.

Jumamosi moja jioni mchungaji aliniita ofisini. Orodha ilikuwa na ndoa nne. Akakata ya pili kwa kalamu nyekundu. "Hawa waruke, mzee." Sikuuliza.

Kesho yake nikasoma ya kwanza, nikasoma ya tatu. Mlimani kwetu watu wanahesabu matangazo kama wanavyohesabu chane za mkungu. Kabla sijamaliza ya nne nilimwona mama wa binti anapekua kitabu cha nyimbo, na hakuna wimbo uliotajwa. Nje, kwenye mnada wa sadaka, mnadi alishika jogoo akapaza sauti wee, hakuna aliyepandisha bei. Watu walisimama wawiliwawili. "Wamekanyaga miwaya," kijana mmoja akasema, yaani wana ukimwi, akacheka.

Wazee tuliapa kutunza siri ya majibu, na kweli hakuna aliyefungua mdomo. Hata mimi sikusema kitu, ndicho nilichofanya.

Baada ya miezi mitatu mchungaji akarudi kutoka vikao vya jimbo, akaniambia nisome. Nikasoma. Walifunga ndoa Jumatano saa kumi jioni, bila kwaya, bila keki, mashahidi wawili. Nilipokaa kujaza cheti, binti akanisogelea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Siku ile ungeweza kusoma tu."

Nikashika kalamu, nikamwomba anitajie jina lake kamili, kana kwamba silijui, mimi niliyelitangaza kanisani mara tatu.