Kichwa cha Cherehani

Kwa karibu miaka 13 nilimwombea dua rafiki yangu Konda kwa jambo ambalo hakulifanya.

Niliujua ukweli Jumamosi moja ya Septemba 2024, siku niliyorudi Dar es Salaam kwa mara ya kwanza tangu nihame Magomeni. Nilikuwa nimejiwekea nadhiri: treni ya SGR ikifika Dodoma tu, nakwenda kuwaona wenzangu. Ilipoanza safari zake mwishoni mwa Julai sikuwa na kisingizio tena. Nikafunga kibanda changu pale soko la Majengo, nikalipa nauli 31,000, nikapanda ya alfajiri. Mwaka ule naondoka, basi lilitutoa Ubungo asubuhi na Dodoma tukaingia jioni, miguu imevimba. Safari hii tulipita kwenye mahandaki ya Kilosa, tukaiacha Morogoro, na chai niliyobeba kwenye chupa ilikuwa bado ya moto tuliposhuka mjini.

Stesheni niliyoijua mimi ni ile ya Mjerumani. Hii mpya ni jengo la vioo lililokatwa pembepembe mfano wa jiwe la tanzanaiti, na niliitazama mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Nikatembea hadi Gerezani, nikakata tiketi ya mwendokasi ya 750. Mabasi haya yalianza 2016, mimi nimeshaondoka. Ndiyo yaliyoziondoa daladala kwenye barabara ya Morogoro, na ndiyo yaliyomwondoa rafiki yangu kwenye kazi iliyompa jina. Konda alikuwa kondakta wa Ubungo–Posta. Sauti yake ilikuwa inafika kituoni kabla ya gari.

Basi lilipofika Jangwani nilisimama, ingawa kiti nilikuwa nacho. Nilitaka kuliona bonde. Huko ndiko nilikopanga chumba tangu 1999, Suna, nyumba ya tatu kutoka mtoni, kwa bibi mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa. Nyumba nyingi za bondeni zilikuwa zimeshavunjwa. Mradi wa Bonde la Msimbazi umewalipa watu fidia wakahama. Nilitafuta mwembe wetu kwa macho, nikaona majani marefu, matope yaliyokauka na mbuzi wawili. Juu zaidi niliyaona maghorofa mapya ya Magomeni Kota, ambako kaya 644 zilizovunjiwa zamani zilirudishwa mwaka 2022. Niliwafurahia kwa moyo wote. Lakini sisi wa bondeni pa kurudishwa hatuna. Pale ni pa mto, na mto Msimbazi ulikuwepo kabla yetu.

Konda alikuwa ananisubiri kituo cha Mapipa. Ndevu zote nyeupe, ila sauti ni ile ile.

"Fundi wa Suna! Fundi wa Suna, shuka, mwisho wa gari!"

Watu waligeuka. Tulikumbatiana hapo hapo njiani, na nilishindwa kusema kitu kwa muda.

Akanipeleka kijiweni. Fundi Redio alikuwepo, siku hizi anatengeneza simu, na wazee wawili niliowakumbuka sura bila majina. Muuza kahawa aligonganisha vikombe, akatumiminia. Kahawa chungu, kashata ya karanga, ubishi wa Simba na Yanga. Dodoma kahawa ipo, lakini benchi la watu waliokujua ukiwa kijana huwezi kulinunua popote. Waliniambia waliotangulia mbele ya haki. Bi Mkubwa yumo. Baada ya mafuriko serikali ilimpa kiwanja Mabwepande, kwanza akakaa kwenye hema, baadaye akajenga vyumba viwili, na huko ndiko alikozikwa. Mimi nilipata habari siku hiyo, kikombe kikiwa mkononi.

Tukayarudia mafuriko. Hatukuwa na namna ya kukaa pamoja bila kuyarudia.

Mvua ilianza Jumanne, tarehe 20 Desemba 2011. Nchi ilikuwa imetoka kusherehekea miaka 50 ya Uhuru, na Krismasi ilikuwa Jumapili inayokuja. Fundi yeyote anajua wiki hiyo ni ya namna gani. Chumbani kwangu zilining'inia gauni 17 za watoto, nyingine zimebaki vifungo tu. Usiku maji yakaingia. Hayakuja kwa kasi kama watu wanavyodhani. Yalipanda taratibu, meusi, yananuka, yamebeba ndoo na ndala na kuku. Yalipofika kiunoni nilimbeba mjukuu mdogo wa Bi Mkubwa mabegani, nikamshika bibi mkono, tukapanda juu kwenye madarasa ya shule. Gauni na cherehani niliziacha. Baadaye watu wa hali ya hewa walisema mvua kubwa namna ile haikuwa imenyesha Dar es Salaam tangu 1954. Watu wapatao 40 walikufa. Wawili ni wa mtaa wetu.

Kulipokucha, nikakikuta kichwa cha cherehani yangu kwenye kibaraza cha darasa. Ni Butterfly nyeusi, yenye kipepeo wa rangi ya dhahabu mgongoni. Meza, miguu na gurudumu vilikwenda na maji, lakini kichwa ndicho cherehani. Hayo mengine fundi yeyote hununua polepole. Pembeni yake alikuwa amekaa Konda, analowa, anatetemeka. Nikamwangukia shingoni nikalia. Wiki iliyofuata nikaondoka kwenda kwa dada yangu Dodoma. Kichwa kile ndicho kilichonilisha, na ofisi za serikali zilipoanza kuhamia huko, ndicho kilichonijengea. Kila nilipokitia mafuta nilisema, Mungu ambariki Konda.

Nikamwambia hivyo pale kijiweni, mbele ya watu, maneno niliyoyapanga tangu Kilosa.

Konda akakiweka kikombe chini.

"Fundi, si mimi."

Nikadhani ni unyenyekevu.

"Wallahi si mimi. Mimi nilikuta Dogo amekitua pale. Akaniambia kaa nacho, na usimwambie Fundi ni mimi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, atadhani nilikuwa nakiiba."

Hakuna aliyecheka. Fundi Redio aliinamisha kichwa, nikajua kumbe naye alijua.

Inabidi niseme jambo ambalo sijawahi kulisema. Dogo alikuwa mjukuu mkubwa wa Bi Mkubwa. Alipokuwa na miaka kumi hivi alizoea kukaa kizingitini kwangu akinitungia uzi kwenye sindano, na akinipa bisibisi kabla sijaiomba. Mwaka 2010, wakati wa uchaguzi mkuu, mteja mmoja aliniletea doti ya kanga nimkatie na kumkunjia pindo. Kanga imeandikwa *Hasidi hana sababu*. Siku ya kuichukua, haipo. Chumbani mwangu alikuwa akiingia mimi na Dogo. Nikamtaja, tena kwa sauti, mlangoni, watu wakisikia. Bi Mkubwa alimchapa mpaka majirani wakaingilia. Mtoto alisema neno moja tu, "Sijachukua," akalirudia mpaka likakauka.

Nikamlipa mteja doti nyingine. Baada ya wiki tano nikakunjua kitambaa cha bitana kilichokuwa rafuni, na kanga ikadondoka miguuni pangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyeikunja humo. Nilifunga mlango, nikakaa kitandani. Nikasema kesho nitakwenda kwa Bi Mkubwa. Kesho ikawa Ijumaa, Ijumaa ikawa baada ya Idi, na Dogo alikuwa ameshaacha kupita mlangoni kwangu. Kanga nikaificha kwenye droo ya meza ya cherehani. Ilikuwa humo mwaka mzima, sentimita chache kutoka kwenye goti langu, hadi siku ya maji.

"Yuko wapi?" nikamuuliza Konda.

"Feri. Anakaanga samaki."

Treni yangu ilikuwa ya jioni. Nikaaga kabla ya wakati, na Konda hakunizuia. Alinisindikiza hadi kituoni akanilipia tiketi. Nikapanda mwendokasi la Kivukoni. Katika njia nzima nilikuwa napanga maneno, na kila nilipoyapanga yalikuwa yanajitetea, nikayaacha.

Feri saa tisa mchana kuna joto la aina mbili, la jua na la mafuta. Pantoni lilikuwa linatoka kwenda Kigamboni, watu wamejaa mpaka ukingoni. Nikapita wauza pweza, nikapita meza za vibua na changu, nikafika upande wa wakaangaji, makarai makubwa yamepangwa juu ya moto wa kuni. Nikamtambua kwa mgongo. Alikuwa amenenepa, mwanaume mzima wa miaka thelathini, anageuza samaki kwa chujio refu la waya. Aligeuka akanitazama, wala hakushtuka sana.

"Shikamoo, Fundi."

Sijawahi kuona ugumu wa kuitikia marahaba kama siku ile.

Nikamwambia pale pale, mafuta yakichemka, jirani zake wakisikia, maana na tuhuma niliitoa watu wakisikia. Nikasema, "Mwanangu, ile kanga hukuchukua. Niliiona mwenyewe, nikanyamaza. Nilikuonea, na bibi yako amekufa sijamwambia. Nisamehe."

Alitoa samaki wote kwenye karai kwanza. Alifanya hivyo kwa utaratibu, mmoja mmoja, akawapanga kwenye sinia. Kisha akafuta mikono kwenye aproni.

"Najua, Fundi. Niliikuta."

Akanieleza. Usiku ule alirudi kwenye nyumba, maji yakiwa kifuani, kutafuta kibubu cha bibi yake. Hakukipata. Akaiona cherehani imeanza kusukumwa na maji pamoja na meza yake. Kichwa hakitoki bila kulegeza skrubu mbili za chini, naye alijua bisibisi inakaa wapi. Akavuta droo. Akapapasa gizani, akashika nguo. Alikuwa na tochi ya simu, akaiwasha kuangalia, akayasoma maandishi.

"Nilisimama pale, Fundi. Nikataka kuiacha iende na maji."

"Kwa nini hukuiacha?"

Alifikiri. Aliinua mabega. "Ningekula nini siku zile kama si cherehani ile? Bibi alikuwa hana. Mchele wa jioni ulikuwa unatoka kwako." Akanyamaza kidogo. "Halafu nilikuwa nimeshalegeza skrubu moja."

Kichwa cha cherehani ni kizito, na ndani ya maji huwezi kukibeba kwa mikono ukaogelea. Alikifunga mgongoni kwa kanga ile, kama mama anavyombeba mtoto, fundo kifuani. Hivyo ndivyo alivyokitoa. Alipofika darasani alimkuta mama mmoja mwenye kichanga kilicholowa, akaifungua kanga, akaikamua, akampa afunikie mtoto. Kipande cha pili hajui kiliishia wapi.

"Bibi aliiona," akasema. "Aliyasoma maandishi akiwa kwa yule mama. Akaniangalia. Usiku akanisogelea akanikanda mgongo, pale aliponichapa mwaka jana yake. Hakusema kitu."

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Akaniletea changu mmoja na ndimu, nikala kwa sababu kukataa kungekuwa kosa jingine. Mteja akaja, akahudumiwa, akaondoka. Kijana wa karai la jirani alituongezea kuni bila kuombwa.

"Bado inashona?" Dogo akauliza.

"Inashona. Kipepeo amefutika bawa moja, ni pale mkono unapopita. Lakini inashona."

"Mwezi wa kumi na mbili naoa," akasema. "Ninataka kanzu. Ya kushonwa, siyo ya kununua."

Futi ninayo shingoni au mfukoni tangu ujana, hata nikienda msikitini. Nikasimama nikaitoa. Sikuwa na daftari, nikaandika nyuma ya tiketi ya treni. Mabega 19. Kifua 42. Alikuwa ameinua mikono juu, mbali na mimi, ina mafuta mpaka kwenye viwiko, asinichafulie shati. Nikamzunguka. Nikampima urefu kutoka mfupa wa shingo hadi kwenye kifundo, nikapiga goti kwenye maji ya samaki kusoma namba ya chini, nikaisoma mara mbili nisije nikakosea.