Mshale Uliokataa Kushuka

Nilikuwa nimeshalegeza bolti sita kati ya nane za propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, pale Mzee alipoinama, akachungulia chini ya beko, mashine ya kuchotea na kuchimbia udongo, akaniuliza swali moja tu: "Umepima presha?"

Sikuwa nimepima. Tangu asubuhi nilikuwa nimelala chali chini ya mashine, mgongo kwenye boksi lililolowa oili, nikiwa na uhakika kamili kwamba giaboksi imekufa. Tena nilikuwa nimeshamwambia mwenye mashine kwa kinywa changu. Alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, kimya, akiwaza namna atakavyoishi miezi ya mbele. Mashine yenyewe ilikuwa moja tu.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Asubuhi beko ikiwaka inakwenda mbele na kurudi nyuma kwa nguvu zote. Ikishafanya kazi nusu saa hivi na oili ikapata moto, rivasi inapotea. Dereva anavuta kijiti cha chini ya usukani, injini inanguruma, magurudumu yametulia. Mbele inakwenda bila shida. Ukiizima na kuiacha ipoe, rivasi inarudi kama hakuna kilichotokea. Dereva alikuwa ameshajifunza kuishi nayo: rivasi ikikata anateremsha ule mkono wa kuchimbia wa nyuma, anachomeka meno ardhini na kuivuta mashine nzima irudi, hatua kwa hatua, kama mtu aliyevunjika mguu anavyojikokota kwa mikono. Uwanja wote ulikuwa na alama za meno yale.

Mimi nilifikia hukumu yangu kupitia filta. Nilikuwa nimeifungua, nikaikata kwa msumeno wa chuma na kuikunjua karatasi yake, nikakuta kwenye mikunjo tope laini la kijivu. Nikajiambia: hizi ni pleti za klachi zimesagika. Upande wa rivasi hutumika sana kwenye beko, kwa sababu inachota, inarudi, inamwaga, inarudi tena, siku nzima. Kwa hiyo pleti za rivasi zimekwisha, oili ikiwa nyepesi kwa joto zinateleza, na dawa ni kushusha giaboksi. Maelezo yalikuwa yamenyooka. Ndiyo maana niliyaamini.

Mzee aliichukua ile karatasi ya filta. Alichovya kidole kwenye tope, akalisugua baina ya kidole gumba na cha shahada, akaosha kipande kwa dizeli kidogo ndani ya kifuniko, akapitisha sumaku chini yake. Hakikubaki kipande chochote cha kushikika, wala chembe ya rangi ya shaba. Kisha alichomoa kijiti cha kupimia oili, akanusa. Haikuwa na harufu ya kuungua, wala haikugeuka nyeupe kama maziwa, jambo ambalo lingeonyesha maji yameingia.

"Huu ni umri, si ugonjwa," alisema. "Na tena, mwanangu, klachi iliyoungua hailali usiku ikaamka nzima."

Nilimjibu kwamba huenda si pleti, huenda ni ringi za kuzuia oili kwenye shafti ya klachi. Zikichakaa hushika oili ikiwa baridi na nzito, na huvujisha ikiwa moto. Nilisema hivyo kwa heshima, lakini nilikuwa nang'ang'ania giaboksi yangu ishushwe. Alitikisa kichwa kukubali. "Inawezekana. Sasa kaza kwanza hizo bolti, halafu tuiulize yenyewe."

Kwa asiyeijua mashine ya aina hii: beko nyingi za zamani hazina pedali ya klachi kama ya gari. Nguvu ya injini hupita kwanza kwenye toki konveta, mapanga mawili yanayotazamana ndani ya oili, moja likilisukuma jenzake kwa oili hiyo hiyo. Mbinu hiyo ni ya Mjerumani Hermann Föttinger, aliyeipatia hataza mwaka 1905, naye alikuwa akifikiria meli. Baada ya hapo kuna klachi mbili, ya mbele na ya nyuma, kila moja ikiwa na rundo la pleti zinazobanwa kwa presha ya oili. Pampu ni moja kwa zote mbili. Ukisukuma kijiti cha chini ya usukani hugusi klachi yoyote. Unafunga swichi ya umeme, umeme unaamsha solenoidi, yaani koili ya waya inayogeuka sumaku, solenoidi inafungulia valvu, na valvu ndiyo inayopeleka oili. Mambo yote hayo nilikuwa nayajua. Nilikuwa nayajua kama mtu anavyojua majina ya wajomba zake, bila kuyatumia.

Mzee alitafuta plagi ndogo ya kupimia ubavuni mwa giaboksi, akaifungua, akafunga hozi ya geji ya presha. Dereva alizunguka na mashine mbele na nyuma mpaka rivasi ikakata. Tukaishusha miguu ya pembeni, tukaweka vigingi kwenye magurudumu, tukavuta handibreki. Kijiti cha gia, si kile cha chini ya usukani, kilibaki nyutro ili klachi zishike bila magurudumu kuzunguka. Injini tukaiweka kwenye mizunguko kama 1,000 kwa dakika. Kwanza Mzee alitegua waya wa swichi ya handibreki na kuuunganisha moja kwa moja, maana kwenye mashine ile handibreki ikivutwa hukata umeme wa kwenda kwenye solenoidi, na fundi asiyelijua hilo hupima saa nzima bure.

Geji ilisoma presha ya baa 10. Kitabu kilitaka hapo hapo.

"Mbele," Mzee alimwambia dereva.

Mshale ulidondoka ghafla hadi 6, ukatetemeka, ukapanda tena taratibu mpaka ukakaribia 10.

"Nyutro. Haya, rivasi."

Mshale haukutikisika. Baa 10, pale pale.

Nikasema: presha ipo nzuri, kwa hiyo si ringi, basi ni pleti, nilisema tangu mwanzo. Mzee hakunijibu. Alimwambia dereva arudie, mbele, nyutro, rivasi, nyutro, mara nne au tano, na mimi akaniambia niweke uso wangu karibu na kioo cha geji. "Usisome namba. Tazama mshale unafanya nini."

Nilitazama. Mbele: unadondoka, unapanda. Rivasi: hakuna kitu. Mbele: unadondoka, unapanda. Rivasi: umesimama kama umechorwa. Ilinichukua marudio matatu mpaka likanijia. Klachi ikifunguliwa oili, oili inakimbilia kujaza nafasi tupu nyuma ya pistoni, na kwa muda huo mfupi presha ya mfumo mzima inashuka. Ikishajaa inapanda. Ikishuka ikabaki chini, oili inavuja mahali fulani, na hapo ringi zangu zingekuwa na hatia. Ikishuka ikarudi sawasawa na bado mashine haiendi, pleti zinateleza. Lakini isiposhuka kabisa, oili haikwenda popote. Klachi ya rivasi haikushindwa kufanya kazi. Haikuwahi kuitwa.

Nilihisi joto likinipanda shingoni. Niliwaza ile kazi yote: kuivunja mashine katikati, kuifungua giaboksi, kukuta pleti nzima, kuweka mpya hata hivyo kwa sababu nimeshafungua, kufunga, na juu ya yote kuirudisha ile ile valvu na ile ile solenoidi mahali pake. Asubuhi ingekwenda vizuri. Baada ya nusu saa rivasi ingekata. Na yule aliyekaa juu ya tairi angekuwa ameshalipa.

Iliyobaki ilikwenda haraka. Mita ilionyesha volti 12 zinafika kwenye plagi ya solenoidi ya rivasi, hivyo swichi, fyuzi na waya vilikuwa salama. Mzee aligusisha ncha ya bisibisi kwenye nati ya koili ya mbele wakati dereva ameweka mbele, na bisibisi ikanaswa kwa sumaku. Kwenye ya rivasi iliteleza ikaanguka. Halafu akafanya jambo ambalo nimelifanya mara nyingi tangu siku ile: alibadilishana koili, ya mbele kwenye rivasi na ya rivasi kwenye mbele. Mashine ingali moto, rivasi ikashika, mbele ikafa. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na koili.

Tuliichomoa ile mbovu, nikaifunga kwenye mita na kuiweka juu ya tairi la mbele. Mita haikusoma kitu. Waya wa shaba ndani yake ulikuwa umekatika. Ile nzima ilisoma ukinzani wa omu 7. Mzee alikwenda kunawa mikono. Mimi nilibaki pale, sijui kwa nini sikuondoka, nikaitazama koili ikipoa. Baada ya muda kama wa dakika 20 namba ilirukaruka kwenye kioo, ikapotea, ikarudi, ikatulia: 7. Ufa ulikuwa mdogo kiasi kwamba chuma kikipoa na kunywea, ncha mbili za waya zilirudi kugusana. Niliishika mkononi na bado ilikuwa na uvuguvugu.

Kumwambia mwenye mashine ilikuwa kazi yangu, na nilikwenda mwenyewe. Nilimwambia kwamba nilimpa habari ambayo sikuipima, na kwamba giaboksi yake ni nzima. Nilimwonyesha kile kitu kidogo kinachoenea kwenye kiganja. Alikigeuza geuza, akaniuliza mara mbili kama nina hakika, na safari hii nilikuwa nayo.

Koili mpya ilipofungwa tuliiendesha saa nzima na nusu, Mzee akiwa amekaa pembeni na mimi nikiishika geji. Kila rivasi, mshale ulidondoka na kupanda. Nilipofunga plagi na kukusanya spana, dereva alikuwa ameshaunyanyua mkono wa nyuma na kuukunja vizuri, akaipeleka beko kinyumenyume uwanja mzima, akipita juu ya alama zote za meno mpaka getini.