Nimelia, lakini sikutukana
Jana tulimzika bibi hapa Lamu. Udongo wa kaburi haujakauka, mjomba akaanza kuuliza hati ya nyumba ya Mkomani iko wapi. Pale pale barazani, watu wangali wanakunywa kahawa ya msibani! Damu ilinichemka. Mkononi nilikuwa na kofia ya vito aliyokuwa akiishona bibi, sindano bado imo, uzi unaning'inia. Nikaikamata kwa nguvu, nikameza mate, nikamwambia, "Mjomba, ngoja hitima ipite." Basi. Nikaingia chumba cha ndani, nikalia mpaka adhana ya Magharibi. Huenda naye hulia akiwa peke yake, sijui. Lakini lile jicho lake kavu limenichoma kuliko swali lenyewe. Kofia nitaimalizia mimi.