Siku moja ya wiki ya sita: mabinti kumi, maabara moja, ubao mmoja

Saa 1:00 asubuhi

Kitu cha kwanza ni friza, chai baadaye. Naangalia kipimo cha joto: nyuzi 20 chini ya sifuri, sawa. Natoa praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili), mchanganyiko wenye kimeng'enya kinachonakili, na DNA ya sampuli sita za bakteria wa kijito, naviweka kwenye barafu viyeyuke polepole. Praima zikiachwa mezani tangu usiku hazifi mara moja, ila kimeng'enya hudhoofika kila kinapopata joto na kugandishwa tena, kisha wiki ijayo mtu anashangaa kwa nini jeli yake haina kitu.

Kazi yangu ni uratibu wa programu ya utafiti ya kiangazi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, katika chuo kikuu kimoja cha katikati ya Marekani. Ni wiki kumi, na leo tuko ya sita. Wanafunzi ni kumi, sita wa biolojia na wanne wa hisabati, wote mabinti: Wamarekani Weusi, Walatino, Mnavajo mmoja wa wenyeji wa asili wa Marekani, na wawili ambao wazazi wao walikuja kama wakimbizi kutoka Kivu. Fedha zinatoka Shirika la Taifa la Sayansi, NSF, kupitia REU, mpango wake wa utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, ulioanza mwaka 1987. Mlango uko wazi kwa kila mwenye sifa. Tunaowapata ni hawa kwa sababu tunakwenda kuwatafuta kwenye vyuo vidogo ambako profesa mmoja hufundisha kozi nne kwa muhula na maabara haina hata mashine ya PCR, ile ya kunakili DNA. Mpango wenyewe unataka sehemu kubwa ya wanafunzi watoke nje ya chuo mwenyeji, na hilo ni jema sana.

Saa 2:30 asubuhi

Mabinti wawili wako mezani kwa PCR. Hesabu kwanza, kwenye daftari, kabla ya kugusa pipeti. Kila kichupa kinabeba mikrolita 25: mchanganyiko 12.5, praima ya mbele 1, ya nyuma 1, maji 8.5, DNA 2. Wana sampuli sita, kidhibiti chanya kimoja (chenye DNA inayojulikana kutoa jibu) na hasi kimoja, jumla vichupa vinane. Lakini wanapiga hesabu ya vichupa tisa, kwa sababu pipeti huacha matone kwenye ncha na ukipigia vinane, cha nane kitapungukiwa. Kwa hiyo mchanganyiko ni 112.5, praima 9 na 9, maji 76.5. Wanagawa 23 kila kichupa, DNA inaingia mwisho. Kidhibiti hasi kinapata maji mahali pa DNA.

Mmoja anasukuma kitufe cha pipeti hadi mwisho wakati wa kuvuta. Hapo kuna vituo viwili: cha kwanza ni cha kuvuta, cha pili ni cha kumwaga. Akivuta kutoka cha pili anabeba zaidi ya alichokusudia, na matokeo yake yote yanapinda bila yeye kujua. Simnyang'anyi pipeti. Namwambia avute maji ya rangi mara kumi huku akiangalia mstari kwenye ncha, mkono unajifunza wenyewe.

Mashine inaanza saa 3: nyuzi 95 kwa dakika tatu, kisha mizunguko 35 ya 95, 55 na 72, na ile ya 72 ni dakika moja na nusu kwa sababu kipande cha jeni tunachotafuta kina herufi za DNA kama 1,500. Itamaliza baada ya saa mbili na robo hivi.

Nina msimamo kuhusu jambo hili na sitalegeza. Mwanafunzi aliyepewa kuosha vyombo na kujaza visanduku vya ncha kwa wiki kumi hajafanya utafiti, hata kama barua yake imeandikwa "mtafiti". Utafiti unaanza pale binti anapokuwa na swali lake: kijito hiki juu ya mtambo wa maji taka na chini yake, bakteria ni walewale? Swali moja, sampuli zake, jina lake kwenye kichupa.

Saa 4:00 asubuhi

Ngazi moja juu, chumba cha hisabati. Hakuna barafu huku, ubao tu na kompyuta nne. Wanahesabu njia za kupaka rangi grafu, yaani nukta zilizounganishwa kwa mistari, ili nukta mbili zilizounganishwa zisifanane. Binti anayeshughulikia duara ameandika programu yake. Kwa duara la nukta tano na rangi tatu, kompyuta imempa 48. Amekaa nayo tangu jana jioni, anadhani kanuni ya kitabuni imekosewa.

Kanuni inasema 30. Simwambii kosa liko wapi, namwomba aichambue 48. Anaandika: 3 mara 2 mara 2 mara 2 mara 2. Nukta ya kwanza ina rangi tatu, kila inayofuata ina mbili. Anasimama hapo, kalamu hewani. "Lakini hiyo ni ya mstari ulionyooka," anasema. Ndivyo. Programu yake inahesabu kutoka sifuri, na alipoandika kitanzi, kiungo kati ya nukta ya mwisho na ya kwanza kilibaki nje. Duara halikufungwa. Anaongeza mstari mmoja wa msimbo, inatoka 30. Kwa nukta sita inatoka 66. Mbili kwa kipeo cha sita, jumlisha mbili. Kwa tano ni toa mbili. Sasa anataka kujua kwa nini alama inabadilikabadilika, na huo ndio uthibitisho atakaouandika kabla ya Ijumaa.

Kisio la hisabati huzaliwa namna hiyo, kwa mifano midogo inayohesabika kwa mkono. Wengi wanarukia nukta mia kwa kuwa kompyuta inaweza, halafu kosa kama hili linajificha ndani ya namba kubwa isiyoweza kukaguliwa.

Mwenye kupenda hisabati atazame pia mpango wa wiki sita unaofanyika Berkeley, ulioanza 2007 kwa jina la MSRI-UP. Na anayemaliza shahada ya kwanza na kuelekea uzamivu, kuna mpango wa EDGE, ulioanzishwa 1998 na Sylvia Bozeman wa Chuo cha Spelman na Rhonda Hughes wa Chuo cha Bryn Mawr, kwa ajili ya wanawake.

Saa 5:30 asubuhi

Jeli, inayoonyesha DNA iliyonakiliwa kama mistari: nusu gramu ya unga wa agarosi kwenye mililita 50 za bafa (maji ya chumvi maalumu), asilimia moja. Volti 100, dakika 40. DNA ina chaji hasi, hukimbilia upande mwekundu, ulio chanya. Ukigeuza waya, sampuli zinatoka nje ya jeli kupitia nyuma na asubuhi nzima imekwenda na maji.

Hawakugeuza waya. Mistari sita imetokea mahali pake, na wa saba wa kidhibiti chanya. Wa nane pia umetokea, kwenye kidhibiti hasi, mahali ambapo hakutakiwa kuwa na kitu. Wanaangaliana. Mmoja anauliza kama wanaweza kutumia ile mistari sita tu, kwa kuwa inaonekana mizuri. Hapana. Kama maji matupu yametoa mstari, hatuna njia ya kujua mistari sita ni ya kijito au ni ya maji hayo. Jeni tunayonakili iko kwa kila bakteria duniani, iko kwenye vidole na vumbi, mara nyingine hata kwenye kimeng'enya chenyewe.

Saa 6:30 mchana

Chakula, na simu. Mama wa binti mmoja wa Kivu amepiga, anauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, ni kweli wanamulipa juu ya kusoma?" Anaogopa utapeli, na ana haki ya kuogopa. Ndiyo, Mama, analipwa, na programu ya kweli haimtozi mwanafunzi hata senti.

Posho za REU nyingi ziko kati ya dola 600 na 700 kwa wiki, pamoja na malazi. Bila hizo, hawa wangekuwa dukani zamu ya usiku. Ila kuna mitego miwili. Malipo ya kwanza mara nyingi huja baada ya wiki mbili au zaidi, kwa hiyo uliza mapema kama kuna fedha ya chakula ya kuanzia. Na kodi haikatwi kwenye posho kama inavyokatwa kwenye mshahara, itadaiwa mwakani. Weka kando kidogo kila unapolipwa.

Suala la hati ndilo linaloumiza zaidi. Fedha za REU ni za raia na wenye grini kadi. Mkimbizi hutakiwa kisheria kuomba grini kadi baada ya mwaka mmoja nchini, na familia nyingi huchelewa kwa sababu haziambiwi kwamba binti yao atafungiwa mlango kwa karatasi hiyo. Aliye na viza ya F-1 hapati fedha hizi, lakini anaweza kufanya kazi chuoni kwake muda wote wa likizo. Aende kwa profesa mmoja mmoja, aulize kama ana fungu jingine.

Saa 7:30 mchana

Tunamtafuta mwizi, yaani kitu kilichoingiza DNA isiyotakiwa. Vichupa vinne, vyote bila DNA: cha kwanza kila kitu cha zamani, cha pili maji mapya, cha tatu praima mpya, cha nne mchanganyiko mpya. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha vyote kwa pamoja tatizo litaondoka na hutajua lilitoka wapi, na litarudi.

Saa 10:00 jioni

Wakati mashine inazunguka, nasoma rasimu ya maombi na binti wa biolojia ambaye kiangazi kijacho anataka kwenda kwingine. Nakazia tarehe. Maombi mengi hufungwa kati ya katikati ya Januari na mwanzo wa Machi, na wanaoanza kutafuta Aprili wamechelewa mwaka mzima. Barua mbili za mapendekezo, ziombwe wiki nne kabla, zikiambatana na matokeo yako na sentensi tatu za kumkumbusha profesa ulifanya nini darasani kwake. Kwenye maelezo binafsi ameandika aya nzima ya jinsi anavyopenda sayansi tangu utoto. Tunaifuta. Mahali pake anaandika alichopima, kilichomshinda, na alichobadilisha. Aya imekuwa fupi na imekuwa yake.

Kizzmekia Corbett, aliyekuja kuwa miongoni mwa waliobuni chanjo ya Moderna ya korona, alipita kwenye mpango wa Meyerhoff, wa kuwasaidia wanafunzi wa sayansi, wa UMBC, Chuo Kikuu cha Maryland cha Baltimore County. Mpango huo ulianza 1988 ukiwa wa wavulana tu, wasichana wakaingizwa miaka miwili baadaye.

Saa 11:30 jioni

Jeli ya pili. Kichupa cha kwanza kina mstari. Cha tatu kina mstari, cha nne kina mstari. Cha pili ni cheusi kabisa, hakina mstari.

Ni maji. Chupa ya maji ilikuwa moja, ya wote, ikifunguliwa mara ishirini kwa siku. Wanaitupa. Wanagawa maji mapya kwenye vichupa vya mililita moja moja, kila mmoja na vyake, tarehe na herufi za jina juu ya kifuniko. Kisha daftari: picha ya jeli zote mbili inabandikwa, ile mbaya pia, na chini yake binti aliyeuliza kuhusu mistari sita anaandika kwa kalamu ya wino, "Kidhibiti hasi kina mstari. Chanzo: maji. Sampuli 1 hadi 6 zirudiwe kesho saa 2:30." Anaweka sahihi, mwenzake anaweka ya shahidi, nazima taa ya meza.