Mvumo wa 50 au wa 100? Pima kabla ya kushika bisibisi

Rekodi ikiwa na mvumo chini yake, desturi ni kubadilisha kebo, kisha maiki, kisha kumlaumu mwenye mikseri. Kuitazama ishara kwa muda hakusaidii sana: unaona mstari mnene unaotetema, basi. Igeuze iende kwenye masafa (mitetemo kwa sekunde, yaani Hz), na kisababishi kinasimama peke yake kama mlingoti.

Umeme wa gridi hapa Tanzania, kama Kenya na Uganda, ni wa 50 Hz. Mikseri ikichomekwa soketi moja na laptopu soketi nyingine, halafu kebo ya sauti ikaziunganisha, ethi mbili (nyaya za ardhi) hufanya kitanzi na mvumo wa 50 Hz huingia. Pawasaplai ya transfoma ni habari nyingine. Daraja la diodi nne hukunja nusu ya chini ya wimbi na kuipeleka juu, kwa hiyo kapasita hujazwa mara mbili kila mzunguko. Kapasita ikichoka, kilele kikuu huwa 100 Hz. Kuna mtego hapo: diodi moja ikikatika, daraja hubaki nusu na mvumo wa pawasaplai hurudi 50. Ndiyo maana ukiona 50 chomoa kwanza nyaya zote za kuingiza sauti. Mvumo ukibaki vilevile, tatizo liko ndani ya kifaa.

Kupima: washa kila kitu, watu wanyamaze, rekodi sekunde 10 kwa sampuli 44,100 kwa sekunde. Tafuta wastani wa sampuli zote uutoe kwenye kila moja, la sivyo kisanduku cha sifuri (matokeo hupangwa kwenye visanduku vya masafa kuanzia 0 Hz) kitafura na kumwagikia majirani. Kisha kata sampuli 44,100 uzipitishe kwenye numpy.fft.rfft, amri ya Python inayofanya FFT, yaani hesabu ya kugeuza ishara iende kwenye masafa. Hiyo ni sekunde moja kamili, kwa hiyo kila kisanduku kina upana wa 1 Hz.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanachukua sampuli 1,024 kwa mazoea tu. Gawanya 44,100 kwa 1,024 upate 43.07: kisanduku cha kwanza kiko 43 Hz, cha pili 86, cha tatu 129. Mvumo wa 50 na wa 100 unapakana rangi, na swali lenyewe linakosa jibu. Kujaza sifuri mwishoni kunalainisha mchoro tu, vilivyochanganyika havitengani. Ukitaka masafa kwa usahihi, lipa kwa muda wa kurekodi. Hakuna njia ya mkato.

La pili ni uvujaji. FFT huchukulia kwamba kipande chako kinajirudia milele. Umeme ukiwa 49.8 Hz badala ya 50, sekunde moja haimalizi mizunguko kamili, ncha mbili hazikutani, na ule mruko humwaga nguvu kwenye visanduku vingi. Zidisha sampuli kwa dirisha la Hann (uzani unaoshusha ncha mbili za kipande hadi sifuri) kabla ya kugeuza. Bei yake ni kilele kupanuka na kusomeka nusu. Mvumo wa amplitudo 0.01 ulioangukia barabara kwenye kisanduku husomeka 220.5 bila dirisha, na 110.25 ukiwa nalo. Kwa hiyo kupata amplitudo gawanya kwa N/4, si N/2 (N ni idadi ya sampuli).

Ukitaka kupunguza sampuli, usiokote moja kila tano hivi hivi. Kasi inashuka hadi 8,820, na chochote kilicho juu ya 4,410 Hz hujikunja: sauti ya 5,000 inajitokeza 3,820 kana kwamba ilikuwapo. Tumia scipy.signal.decimate, ambayo huchuja kwanza.

Kuusafisha mvumo kwenye rekodi, kufuta visanduku kwa kuviandika sifuri ni ufundi mbovu; ukifanya hivyo kipande kwa kipande, maungio hupiga kelele. Tumia iirnotch ya scipy.signal, filta inayokata masafa mamoja tu: ya 50 yenye Q (masafa gawanya kwa upana) ya 30, yaani upana wa takriban 1.67 Hz, pamoja na filtfilt, inayoipitisha filta mbele na nyuma. Kwa 100, 150 na kuendelea, ukishikilia upana uleule ili usile sauti ya msemaji, zidisha masafa uliyoyapima, si 50 ya vitabuni. Mara 20 ya 49.8 ni 996. Filta nyembamba iliyowekwa 1,000 haiigusi.

Na ikiwa kilele kikuu ni 100, kazi iko kwenye kapasita. Chomoa waya wa umeme, ipakue kapasita kwa rezista: 4,700 µF ya volti 50 kupitia kilo-ohmu 1 ya wati 5 inahitaji kama nusu dakika. Hakikisha kwa multimita, ndipo uing'oe. Mpya iwe na volti sawa au zaidi, na alama ya hasi iangalie upande uleule.