Mtu wa Dodoma nimeshika barafu ya Kilimanjaro

Mi barafu ninayoijua ni ile ya ubuyu ya kwenye kifuko, unang'ata kona unafyonza, unatoka Majengo mpaka Nkuhungu midomo myekundu. Sasa mwezi wa tisa tukajikusanya watu sita wa kazini, tumechanga mwaka mzima, tukapanda basi alfajiri Kondoa, Babati, Arusha mpaka Moshi, tukapanda kwa njia ya Machame na kampuni ya utalii.

Siku za katikati naziruka, ni kutembea na kunywa uji tu, mwongozaji wetu nyuma "pole pole dada wa makao makuu", huku wapagazi wanakupita na mizigo kichwani kama wanaenda sokoni. Ila kuna kambi inaitwa Barafu, mita 4,673, nikajua tumefika, kumbe mawe matupu na upepo!

Saa sita usiku tukaanza kupanda, kichwa kinagonga, mwenzetu mmoja akarudishwa. Jua linatoka tuko Stella Point, karibu na kilele, kushoto kwangu ukuta wa barafu ya Rebmann unang'aa rangi ya chungwa, nikalia, baridi au uzuri sijui.

Tulivyomaliza picha za kilele cha Uhuru mwongozaji akatushusha wawili wenye nguvu hadi ndani ya kreta, lile shimo la volkano huko juu, kwenye barafu ya Furtwängler. Yani nilitegemea maji yanachuruzika maana kila siku tunasikia inayeyuka, kumbe pakavuuu. Ukuta umesimama wima kama umekatwa na msumeno, una mistari mistari ya vumbi. Nikavua glavu nikagusa, kiganja kikanata kidogo nikakitoa mbio. Mwongozaji akasema sehemu kubwa haipiti kwenye maji kabisa, hewa ni kavu na jua linaipiga, inageuka mvuke hapo hapo, af theluji mpya haidondoki ya kutosha kuirudishia. Nikamwambia kaka huo upepo naujua, ndo wa kwetu mwezi wa saba, nguo unaanika unageuka imeshakauka. Kuanzia 1912 mpaka 2007 barafu ya mlima mzima imepungua kama asilimia 85, na hiki kilichobaki kinamegeka vipande vipande.

Nikamuuliza mwanangu akikua ataikuta? Akacheka, "mlete mapema dada."

Ana miaka minne huyo mtoto jamani. Na mi mwenyewe magoti ndo hayo, leo siku ya tano ngazi za ofisini nashuka kinyumenyume watu wananiangalia.