Siku moja maishani mwangu: Jumatano ya safu

Saa kumi na moja alfajiri nimeshaamka. Safu yangu ya siasa hutoka Alhamisi, kwa hiyo Jumatano nyumbani hawanipati. Basi la mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama hadi mjini Dar es Salaam. Vichwa vya habari nimevisoma kwa muuza magazeti. Saa tatu niko Maktaba ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohammed.

Wiki hii naandika kuhusu Tume ya Jaji Nyalali ya 1991, iliyowauliza Watanzania kama tubaki na chama kimoja au twende vyama vingi. Asilimia 80 hivi ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. 20 tu ndio waliotaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na 1992 sheria ikabadilika. Uliberali wangu umesimama hapo: raia asiyekubaliana na wengi bado ana haki zake zote. Wasomaji huniuliza nimetumwa na chama gani. Sijatumwa. Maneno 900 haya yamenila siku nne.

Saa nane nimetuma. Saa tisa mhariri anapiga.

"Kaka, aya ya tano ina moto."

Nimeandika kwamba Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inazuia mahakama kuchunguza matokeo ya urais yakishatangazwa, ilhali Kenya mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliyafuta na wananchi wakarudi kupiga kura. "Toa Kenya. Watasema unachochea." Nikamsomea ibara neno kwa neno. Ngoja nimuulize mwanasheria, akasema. Nikangoja. Mwanasheria yuko kikaoni. Nikangoja tena. Mhariri akarudi na sentensi yake ya "wadau mbalimbali". Nikaikataa, Katiba ni ya wananchi. Tukahamia kwenye "inazuia": yeye anataka "haitoi fursa". Simlaumu sana, gazeti likifungiwa ni familia nyingi zinalala njaa. Lakini "haitoi fursa" ni uongo, na jina juu ya safu ni langu. Mgongo unauma, adhana ya magharibi imeshapita, mtamboni wanasubiri kurasa.

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipokubaliana. "Inazuia" imebaki. Kenya imebaki, ila maneno yangu mawili yaliyofuata, "Sisi je?", yameondoka.

Nyumbani wamelala. Mke wangu ameniachia wali chini ya kawa. Nakula nikiisoma aya ya tano kwenye simu, mara ya mwisho kabla mtambo haujawashwa.